Karatasi ya Kiatu cha Kushoto

Papa,

Cahier imerudi, daftari letu. Ndiyo hiyo hiyo, yenye jalada la buluu na doa la mawese pale ulipoiweka mezani kabla Mama hajafuta. Imerudi jana asubuhi, sokoni, mkononi mwa mtu ambaye usingemdhania hata ungepewa mwaka mzima wa kukisia, na karatasi ya kiatu cha kushoto ilikuwa bado ndani yake. Leo Jumapili niko nyumbani Kimemi, hapa Butembo, nimekalia kiti chako, mvua inapiga mabati, na nina jambo la kukuungamia. Siku ile Beni nilikudanganya. Mwaka mzima nimetembea na uongo ule kama kokoto ndani ya kiatu.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa ukisema barua ni mutu mwenye anaenda kanisa, lazima avae. Lakini maneno yako nitayaacha vile ulivyoyasema. Nikiyafunga tai hutayatambua.

Nianze na habari, maana kimya chako sijakizoea. Wanajeshi wa Uganda wamepakia magari yao na kurudi kwao. Njia ya Beni iko wazi, malori yanapita bila kulala porini. Wale waliotukimbilia kutoka Eringeti, wengine wamerudi mashambani, wengine wamebaki, na mmoja wao ana meza ya maandazi mbele ya duka letu. Mama Kavira, jirani yetu wa sokoni, bado anauza mikoba na bado anaongea tangu anapofungua hadi anapofunga. Shangazi huko Beni anakohoa, lakini anakataa kusema anakohoa. Na lile rundo lako la viatu visivyo na wenzake, ulivyoviita wajane, limekwisha. Watu walifika kwa miguu kutoka Ituri bila chochote nyayoni, nikawaambia wachague. Mzee mmoja aliondoka na kiatu cheusi cha kulia na cha kahawia cha kushoto, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakutaka kuuachia. Ulisema hao wajane watapata siku yao, na mimi nikakucheka. Basi, ilifika.

Sasa nirudi kwenye cahier, na ili niungame vizuri lazima nianze mbali, Mutwanga.

Ulipokuwa kijana ulifanya kazi huko, kwenye shamba la kahawa la Wabelgiji chini ya Rwenzori, ukipaka chokaa mistari ya uwanja wao wa tenisi. Baadaye walikupandisha kwenye ngazi ndefu kando ya wavu uwe unahesabu, sababu wao kwa wao hawakuaminiana. Quinze, trente, quarante. Ulinisimulia hadithi hiyo mpaka nikawa naweza kuimalizia mwenyewe: mgeni amekuja kutoka Bunia, mwenye shamba anacheza naye, mpira wa mwenye shamba unatoka nje kiasi cha kidole kimoja, chokaa haikuruka, na wewe unasema "dehors", nje. Mwenye shamba anakutazama. Anasema umekosea, sema upya. Wewe unasema dehors mara ya pili. Jioni hiyo hiyo ulikuwa barabarani na sanduku lako kichwani, ukipanda Butembo. Mama aliwahi kukuuliza kwa nini usingempa tu huo mpira mmoja, mtu mwenyewe ni bwana wako, wewe una mke. Ulimjibu: "Mupira ilitoka." Mama aliinua mikono, akarudi jikoni.

Mimi ulinifundisha kuhesabu nikiwa primaire ya tatu, kwa kuchora uwanja uani na kutumia maharagwe. Nakumbuka nilipofikisha sita na wewe ukiwa na tano, nikaruka juu, nikapiga kelele nimeshinda, six-cinq, nimekushinda! Ulicheka mpaka Mama akatoka kuangalia. Ukasema, "Mutoto yangu, six-cinq haimalizake kitu. Ni mutu mwenye anasimama ku mulango, hajaingia. Lazima umuache mwenzako kwa mbili, ao ufike saba." Nikanuna. Nilidai maharagwe ni yangu na sheria ziwe zangu. Ulikataa katakata, na kesho yake asubuhi, kabla ya chai, uliniuliza tena: six-cinq ni nini? Nikasema ni mtu yuko mlangoni. Ndipo ukanipa mkate.

Halafu vikaja viatu. Viatu vyetu vilitoka Uingereza ndani ya mabalo, yale marobota ya mitumba, vikapita Kampala na mpaka wa Kasindi, na huko kwao kuna watu wa roho nzuri wanaojaza gazeti ndani ya kiatu ili kisipoteze umbo. Wauzaji wengine waliwashia moto magazeti hayo. Wewe uliyanyoosha juu ya goti lako, ukayasoma ingawa Kiingereza hukukijua. Siku moja, ndani ya buti la mtu mwenye mguu wa ajabu, ukakuta ukurasa wa michezo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama ulezi, kulikuwa na tenisi. Ulivaa miwani. Uliinamia ukurasa mpaka mteja mmoja akaondoka bila kuhudumiwa, na mimi nikakukasirikia.

Tulielewa polepole, kwa Kiingereza changu kidogo cha shule. Juu ya ukurasa wako wakubwa, wenye picha. Chini yao, kabla ya mashindano yenyewe kuanza, wako wengine wanaopigania nafasi chache zilizobaki, raundi baada ya raundi, katika miji ambayo hata Waingereza wenyewe sijui kama wanaijua. Anayeshinda zote anaruhusiwa kuingia kucheza na wakubwa. Wewe uliwaita watu wa mlangoni. Ukasema, "Hawa ba juu biko na batu ya kubapigia makofi. Huyu wa chini, nani anamujua? Tumufuate sisi."

Na tukawafuata! Kwa miaka, Papa, watu wazima wawili wa Butembo, tukifuata Waingereza waliokuwa wakishindwa. Gazeti lilitoa herufi moja tu ya jina la kwanza, kwa hiyo majina uliwapa wewe. P. Ollerton akawa Paluku, kwa sababu P ingekuwa nini tena, na kwa kuwa kwetu Wanande hilo ni jina la kifungua mimba, ukaamua yeye pia ni kifungua mimba kwao. K. Fenwick, yule msichana aliyepoteza kila seti ya tatu, akawa Kavira, na Mama Kavira alikuwa akisikia habari zake anashika kiuno na kuuliza wamemfanya nini tena. D. Tansley alikusumbua, hakuna Munande mwenye D, mwisho akawa Désiré. Nilibandika vipande kwenye cahier kwa gundi ya bugali. Kando, kwa kalamu nyekundu, uliandika majina yetu na maoni yako. "Paluku alichoka." "Kavira, pole." "Désiré asiende tena Bristol."

Tatizo lilikuwa mpangilio. Viatu havina kalenda. Balo la mwezi huu lilileta gazeti la miaka miwili nyuma, linalofuata likaleta la juzi. Paluku aliweza kushindwa Wrexham kwanza, halafu baada ya Krismasi tunagundua kwamba wiki moja kabla alikuwa ameshinda mechi mbili hapo jirani, na wewe unanituma nikanunue soda kusherehekea ushindi ambao mwenyewe alikwisha kuusahau. Tuliacha kurasa tupu katikati ya cahier kwa ajili ya yale ambayo hayajafika.

Na tulikuwa na sheria yetu, uliyoisema mara moja tu: "Hapana soma pekee." Kipande kikitoka kiatuni, kinakaa kimekunjwa mpaka saa ya kufunga duka. Tunashusha mlango nusu, unakaa kwenye kigoda chako, mimi nasoma, wewe unauliza "Kwa ngapi?", nasema, unarudia hesabu kwa sauti yako ile ya Mutwanga, halafu unasema "Bon, tufunge." Hata siku risasi ziliposikika upande wa uwanja wa ndege ulisema kwanza nimalizie seti.

Mtu mmoja aliwahi kukuuliza, mbele yangu, huoni aibu, nchi inaungua na wewe unahesabu mipira ya Wazungu. Nilitaka kumjibu vibaya. Wewe ulimwonyesha ukurasa, ukasema, "Angalia. Huyu alipoteza, na bameandika jina yake, na mwenye alimushinda, na ilikuwa ngapi. Hapa kwetu batu wangapi banapotea, nani anaandika?" Yule mtu aliondoka. Baadaye alirudi kuuliza kama Kavira ameshinda.

Bon. Kiatu.

Lilikuja lile balo ambamo ulikuta kiatu cha kulia cha mwanamume, cha kahawia, namba arobaini na tatu, kisigino kimetengenezwa upya. Ndani yake, nusu ya ukurasa uliochanwa kwa urefu. Paluku alikuwa London, kwenye yale mashindano makubwa ya uwanja wa majani, mlangoni. Raundi ya kwanza ameshinda. Raundi ya pili ameshinda! Ilibaki moja, ile ya kushinda seti tatu kati ya tano, na kule juu ya karatasi kulikuwa na mwanzo wa mstari mwingine, jina lake tu, na hapo ndipo mtu fulani wa Uingereza alipochana. Nusu nyingine ilikuwa katika kiatu cha kushoto. Tulimwaga balo zima. Cha kushoto hakikuwemo. Ulikaa na kiatu kile cha kulia mapajani, ukasema, "Miaka yote hii, na jibu iko ndani ya mguu ya mwenzake."

Wiki hiyo ndiyo ulishuka Beni kwenye kilio cha mume wa Shangazi. Ukaniambia nitafute kiatu. Halafu njia ikafungwa.

Mzee Ramazani, yule msafirishaji wa Beni anayetuletea mabalo, ndiye aliyepita kwa njia za nyuma kuniletea ujumbe wa Shangazi: moyo wako umevimba, uko hospitali, unapumua kwa shida, nije. Na nije na kiatu. Mimi nilikuwa nimekipata siku mbili kabla. Mama Kavira alikuwa nacho! Kilifika ndani ya balo lake la mikoba, amekitumia kuzuia mlango usijifunge, na kila siku anaongea habari za kila kitu isipokuwa hicho. Nikaichomoa karatasi. Sikuifungua. Niliiweka ndani ya cahier, cahier nikaifunga tumboni kwa kitenge, nikapanda pikapu ya mzee Ramazani.

Kwenye bariere, kizuizi cha wanajeshi barabarani, walitushusha wote. Walipopekua wakakuta cahier, na commandant wao akaifungua, akaona safu za tarakimu, majina ya kigeni, maandishi mekundu pembeni. Six-quatre, trois-six, sept-cinq. "Désiré asiende tena Bristol." Papa, ungekuwepo ungecheka. Mimi sikucheka. Alisema ni code. Alisema mwanamke huyu anabeba siri za adui. Akaniuliza huyu Ollerton ni mukubwa wa jeshi gani. Nikamwambia si mukubwa wa mtu, ni mcheza tenisi, na tena anashindwa karibu kila mara. Akaniuliza, "Sasa munamufuatilia nini?" Nikasema ni mtu wa nyumbani. Ndipo nikaharibu kabisa.

Walinizuia siku mbili. Mzee Ramazani aliniombea mpaka sauti ikamkauka. Waliponiachia, pikapu walibaki nayo, na cahier walibaki nayo, na karatasi ndani yake. Nilishuka Beni kwa miguu na watu wengine, mzee Ramazani mbele yetu na kofia yake nyeupe. Njia nzima nilikuwa nikikukasirikia wewe. Ndiyo, wewe! Nilisema, kama angetaka mtoto aje tu, bila kiatu, wangeniachia nipite kama wengine. Unisamehe na hilo pia.

Nilikukuta mchana. Shangazi anakupepea na kipande cha katoni. Ulikuwa mdogo kitandani, Papa, sikutegemea ungekuwa mdogo vile. Macho hayakuona vizuri tena, ulinijua kwa sauti. Hukuniuliza njia. Hukuniuliza duka. Ulisema, "Ya kushoto?"

Nikasema nimeipata.

"Soma."

Sikuwa na kitu mkononi. Ningekuambia ukweli, wanajeshi wamechukua, ungekufa na mstari uliochanwa. Sikuweza. Nikasema, Papa, unisamehe, niliisoma pekee yangu njiani, ikalowa na mvua, ikaharibika. Lakini nilisoma. Alishinda.

"Kwa ngapi?"

Na mimi, nikiwa na njaa, miguu imepasuka, nikatoa tarakimu za kwanza zilizokuja. Six-quatre, six-trois, six-cinq.

Ukasema, "Six-cinq?"

Nikasema ndiyo, six-cinq.

Ulinigeuzia uso. Halafu ukacheka, kicheko kile kikakuletea kikohozi, Shangazi akanitazama vibaya. Ulitafuta mkono wangu juu ya shuka, ukabana vidole vyangu. Ukasema, "Paluku ameingia." Na baadaye kidogo, "Bon, tufunge." Jioni ulimwambia Shangazi, "Masika alinisomea muzuri sana." Asubuhi ya pili yake ulikuwa umekwenda. Tulikuzika Beni kwa sababu njia ilikuwa bado imefungwa, na hilo nalo linaniuma, kwamba umelala kwenye joto, wewe uliyependa baridi ya Butembo.

Tangu hapo nimeuza viatu. Magazeti niliyatoa, nikayakunja, nikayaweka kwenye boksi. Sikusoma hata moja. Ningemsomea nani? Na kila nilipofikiria ile mara ya mwisho tuliyosoma, nilikumbuka kwamba hatukusoma, nilibuni tu. Maisha yako yote ulikataa hesabu ya uongo, kazi ilikutoka kwa ajili ya mpira mmoja, na mtoto wako akakupa uongo kitandani ukaondoka nao.

Sasa jana. Anaingia mwanamume dukani, shati la kiraia, suruali bado ya jeshi. Nilimjua mara moja, nikashika fimbo ya kushushia viatu. Alikuwa mmoja wa wale wa bariere, yule mwembamba aliyeandika chini ya commandant. Anaitwa Dieudonné, mtu wa mkoa wa Équateur, alikuwa mwalimu wa hesabu kwao kabla ya jeshi. Akatoa cahier kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya viatu kwa mikono miwili. "Mama, pardon," akasema. Hakwenda. Nikamuuliza kama anataka kiatu. Akasema, "Nataka kujua. Paluku aliingia?"

Yoo, Papa! Walikaa nayo wiki tatu. Commandant alimpa yeye kazi ya kuvunja siri. Walitafuta Wrexham kwenye ramani ya Lubero mpaka wakachoka. Alihesabu kila tarakimu, akachora majedwali. Halafu commandant akahamishwa, akasahau, na Dieudonné akabaki na cahier kwenye begi lake, akiisoma jioni za kambi kama mtu anayesoma barua za nyumbani. Anamjua Désiré. Anamwonea huruma Kavira. Karatasi ya kiatu cha kushoto walikuwa wameikunjua na kuikunja tena, tarakimu aliziona, lakini Kiingereza hakukijua, nani alimshinda nani hakuelewa.

Nilimtazama. Nilikuwa na haki ya kumfukuza, na nilikuwa na hamu ya kumfukuza. Nikashusha mlango nusu, saa nne za asubuhi, Mama Kavira akauliza kwa sauti kuna msiba gani. Nikampa kigoda chako. Sheria ni sheria, mtu hasomi pekee yake.

Nikaisoma. Papa, alishindwa. Paluku alishindwa. Ilikwenda seti tano, na ya mwisho, ambayo huko haiishii saba, ikawa huit-six, nane kwa sita. Huit-six! Walisimama pale mlangoni mpaka mwisho kabisa, na aliyeingia ni mwenzake. Dieudonné alijipiga paja, akasema "Ah, Paluku!" kwa uchungu wa kweli, na mimi nikalia mbele yake, nikamweleza yote, kitanda, Beni, uongo wangu, six-quatre, six-trois, six-cinq.

Akainua kichwa. "Six-cinq?" akasema. "Hiyo haiko." Nikamuuliza haiko vipi. Akafungua jedwali lake, karatasi ya jeshi imechakaa, akanionyesha kwa kidole. Six-quatre zimejaa. Sept-cinq ziko, sept-six ziko, za waliofika saba. Six-cinq hakuna hata moja, cahier nzima, miaka yote. Commandant alisema hapo ndipo siri ilipo, wakaitafuta six-cinq siku nne. "Haiko, Mama," akasema. "Hakuna mutu mwenye alishinda na six-cinq."

Nilikaa chini kwenye viatu.

Six-cinq ni nini, Masika? Kabla ya chai, kabla ya mkate. Ni mtu yuko mlangoni. Ulijua. Nilipolitamka tu, ulijua sikuwa na karatasi, ulijua sikusoma kitu, labda hata njia niliyopita uliiona yote. Ulinirudishia mara moja, "Six-cinq?", kama mwalimu anayempa mtoto nafasi ya kujirekebisha. Sikujirekebisha. Na wewe ulicheka, ukanibana vidole, ukasema Paluku ameingia.

Nimeandika matokeo ya kweli mahali pake kwenye cahier, huit-six, kwa kalamu ya kawaida. Chini yake, kwa nyekundu, nimeandika yangu, six-cinq. Dieudonné amechukua viatu vya kahawia, namba arobaini na tatu, kulia na kushoto, vimemtosha. Na nilipofungua boksi la magazeti ya mwaka huu ili nitafute kipande kimoja cha kukuletea, jicho langu lilishika jina kabla sijaweza kulizuia: Ollerton, raundi ya kwanza ya mchujo, mji fulani mdogo. Nikaikunja haraka. Amerudi mlangoni, huyo kichwa ngumu wako. Sijui alifanyaje.

Jumamosi ninashuka Beni na mzee Ramazani. Nitakuja na karatasi, sitaifungua kabla. Nitakaa karibu nawe nisome polepole, na hesabu itakuwa ya kweli, nakuahidi, ya siku hiyo na za siku zote, hata akishindwa kwa sifuri. Shangazi ataniona nimechanganyikiwa, mwache. Wasingya, asante, Papa. Lala vizuri kwenye joto hilo.

Mwenye shamba hukumpa mpira mmoja. Mimi ulinipa seti nzima.

Bon, tufunge.

Masika wako